Mizani Mbili za Kagongwa

Niliondoka kwa dada yangu, karibu na Mhunze, asubuhi ambayo sikuwa nimepanga kuondoka. Nilitoka nje kupiga mswaki. Lori la pamba lilikuwa limesimama barabarani, dereva anafunga turubai upya, na nilipomuuliza anaelekea wapi akasema Kahama. Sikuwa nimewahi kulala Kahama. Nikarudi ndani, nikavaa viatu, nikamwambia dada naenda kuona kitu. Alikuwa anakoroga uji wa watoto na hakugeuka.

"Ukikiona, kisalimie," alisema.

Alikuwa amenizoea. Niliacha shule nikiwa darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua reli inaishia wapi, na tangu hapo nimebeba mizigo Isaka, nimechunga ng'ombe wa watu, nimeuza maji kwa wachimbaji. Kazi ikishaniambia yote iliyo nayo, naiacha.

Lori liliharibika Kagongwa. Dereva alipolala chini yake na spana, mimi nikafuata kelele za mashine za kukoboa. Kagongwa yote ni mpunga: pumba zimerundikwa nyuma ya kila banda, zinafuka moshi taratibu, na vumbi lake linakaa kwenye nyusi za watu. Nilisimama kwenye geti moja kwa sababu ya ukuta wake. Ulikuwa umeandikwa maneno manne kwa rangi ya bluu: UKWELI, USAFI, HESHIMA, PAMOJA.

"Hapa ni kanisani?" nilimuuliza mlinzi, mzee mwenye koti zito juani.

"Ni mashine ya mpunga."

"Sasa mbona ukuta unaahidi?"

"Ingia umuulize aliyeandikisha. Mimi ukuta naulinda tu."

Aliyeandikisha alikuwa mwanamke kijana aliyeachiwa mashine na baba yake. Alisomea mbali, shule za bweni, akarudi na mambo yake. Jambo la kwanza lilikuwa kukataa lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linaota kichwa na kushonewa kamba juu, mkulima analipwa kama gunia moja na kichwa kinakwenda bure. Yeye alinunua kwa mizani peke yake. Wafanyabiashara wenzake walimcheka, kisha wakulima wakaanza kupita mageti yao wakija kwake, na kicheko kikaisha. Siku niliyoingia alikuwa amenunua mizani ya pili na hana mtu wa kuisimamia.

"Namba unazijua?"

"Nazijua."

"Unamjua mtu yeyote hapa Kagongwa?"

"Simjui."

"Vizuri. Huna mjomba wa kumpendelea."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Lori lilipotengemaa dereva alipiga honi mara kadhaa, mimi nikiwa nyuma ya mizani.

Sijawahi kukaa mahali kama pale. Kampuni ilikuwa inakua mbele ya macho yetu. Nilikuta mashine moja, ikaja ya pili, likaja banda la kufungashia, ikaja fulana yenye nembo mgongoni. Kila mtu aliitwa kaka au dada, hata yule mwanamke, mkurugenzi mwenyewe, kwa sababu alisema heshima haina ngazi. Hilo liliwatesa watu. Mzee mlinzi hakuweza kumwita dada, na mkurugenzi naye hakuweza kuacha kumwamkia. Kila asubuhi ilikuwa hivi: "Shikamoo, kaka." "Marahaba, mkurugenzi." Hapo wote wawili wamevunja sheria na wameridhika. Mchana tulikula chungu kimoja, yeye akiwa katikati yetu na sahani ya bati mapajani. Kina mama wa meza ya kuchambua mchele walimtania kwamba anakula kama mtu aliyekimbia bweni.

Mimi walinipa jina la Mgeni. Nilidhani litadumu wiki moja. Mwaka ulipita, wa pili ukaanza, na bado nilikuwa Mgeni.

Mizani ya kwanza ilisimamiwa na mtu wa rika langu. Alikuwa na watoto mapacha, na kwa Wasukuma mzazi wa mapacha si mtu wa kuitwa hivi hivi, kwa hiyo wote tulimwita Baba Pacha. Alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, mke anayecheka kwa sauti, na ng'ombe kadhaa kwa baba yake upande wa Kishapu. Hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia moja tu, nayo ndiyo iliyoniharibia usingizi wa mchana.

Mkulima akifika, Baba Pacha hakupima mpunga kwanza. Alimwambia apime chochote anachotaka. Watu walipima jembe. Walipima kuku, wakabishana kuhusu kuku. Mama mmoja alimpima mtoto wake, kisha akampima tena akiwa ameshika muhindi, ili aone kama mizani itaujua. Mizani iliujua. Baada ya hapo mkulima mwenyewe ndiye aliyesogeza gunia lake. Baba Pacha aliigeuza mizani uso wake umtazame muuzaji, na yeye akasimama nyuma, mahali asipoona namba vizuri.

Mimi nilikuwa mwepesi. Nilipima haraka, nikasoma kwa sauti, sikumwibia mtu hata punje. Kwa mantiki yangu, foleni yangu ilipaswa kuwa ndefu. Lakini Usukumani ukishaona ngoma mbili zikipigwa uwanja mmoja, makundi mawili yanagombea watazamaji, unajua inavyokuwa. Mtu mmoja anahama, anafuatwa na wawili, halafu unaona migongo. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mkulima anasimama kwangu, gunia begani, anatazama kuku anapimwa upande wa pili, halafu anasema, "Nyanda," yaani kijana, "ngoja kidogo niende pale nikaone," na harudi.

Nikaiga. Nikamwambia mzee mmoja, "Baba, pima kwanza chochote unachotaka." Akanitazama juu mpaka chini.

"Kwa nini? Mizani yako ina tatizo?"

Baba Pacha alisikia. Hakucheka, na kutokucheka kwake kuliniuma kuliko kicheko.

Kilichonipa nguvu kilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, tulisimama mviringo uani, na mkurugenzi aliuliza nani wiki hii ameishi zile tunu nne za ukutani. Yeyote aliweza kumtaja mwenzake na kusema alichofanya. Aliyetajwa alivaa kofia ya njano wiki nzima. Wiki ya kwanza mama mkubwa wa meza ya kuchambua, ambaye hana haya ya kusema, alinitaja mimi. Wiki iliyofuata kijana wa mashine ya pili akanitaja. Ikawa desturi. Likija swali la mkurugenzi, kimya kidogo, macho chini, halafu mtu anasema, "Mgeni." Nilisifiwa kwa kufagia. Nilisifiwa kwa kuwahi. Mara moja nilisifiwa kwa kutokuugua.

Baba Pacha hakutajwa hata siku moja.

Mkurugenzi alijaribu kuwasaidia. "Kaka wa mizani ya kwanza je?" Watu walikohoa. Mmoja alisema, "Yupo tu." Mama mkubwa akageuza mazungumzo kwenda kwenye ungo uliotoboka. Mimi nikiwa na kofia kichwani niliwahurumia kidogo, yeye na ukimya wake, na huruma ile ilikuwa tamu sana. Nilijiambia: foleni ni yake, lakini wanaomjua wameshasema.

Halafu mkurugenzi akatangaza kwamba kampuni inafungua kituo cha kununulia mpunga Kharumwa, kule Nyang'hwale, na atamtafuta msimamizi miongoni mwetu. Kituo kilikuwa banda, mizani, na vyumba viwili nyuma vya msimamizi kuishi.

Nilikitaka kituo kile kama ambavyo sijawahi kutaka kitu. Mimi ambaye sikuwahi kumiliki hata godoro nililolichagua mwenyewe nilianza kupanga meza itakaa wapi. Niliona mtu akiniuliza unakaa wapi na mimi nikionyesha kwa kidole, bila kueleza. Nilitaka pia, sitaficha, Baba Pacha abaki Kagongwa na foleni yake, asikie habari zangu kwa madereva.

Mkurugenzi alituita mmoja mmoja katika ofisi yake, ambayo ilikuwa kona ya ghala yenye pazia. Swali lilikuwa moja kwa wote.

"Mama yako ana mpunga wake, kaulima mwenyewe. Utaupeleka mizani ya nani?"

"Yangu," nilisema.

"Huruhusiwi kujitaja, kaka."

Mizani zilikuwa mbili. Aliacha kuandika akanitazama.

"Basi ya yule mwingine," nikasema.

"Ana jina."

"Ya Baba Pacha."

Nilitoka pale bila wasiwasi. Nilihesabu kofia zote za Jumamosi nikaona hakuna wa kunifikia.

Jumamosi iliyofuata, kwenye mviringo, mkurugenzi alisema hajawahi kuuliza swali likajibiwa namna ile. Kila mtu, kuanzia mzee wa getini hadi msichana aliyeajiriwa majuzi, alitaja mizani moja, isipokuwa mwenye mizani hiyo. Msimamizi wa Kharumwa ni Baba Pacha.

Hakuna aliyepiga makofi. Ungedhani ametangaza msiba. Mama mkubwa alikuwa anatazama kucha zake. Baba Pacha aliinamisha kichwa kama mtu anayekwepa tawi.

"Mnanitafutia nini," alisema kwa sauti ya chini.

"Jamani, makofi basi," mkurugenzi alisema.

Walipiga, taratibu, kama wanakung'uta vumbi mikononi. Akataka kumvika kofia ya njano. Ilikuwa kichwani kwangu. Nikaivua, nikampa, na Baba Pacha akaikunja na kuitia mfukoni haraka.

Kazi ilipoanza nilirudi kwenye mizani yangu. Saa ya chai nilimkuta mama mkubwa kwa mama ntilie wa nje ya geti, anakula kiazi. Nikakaa mbele yake.

"Mama, naomba kukuuliza. Zile kofia zote mlinipa za nini?"

"Zilikukaa vizuri."

"Sitanii."

"Umekasirika?" Alimenya kiazi akiniangalia. "Mwanangu, wewe umezunguka nchi, hujui hata hili? Asubuhi na mapema, watu wote wamesimama, unamtaja mtu kwamba ni mzuri kuliko wenzake. Unamtangaza. Unawaambia wenye macho yao mabaya, huyu hapa. Mkurugenzi wetu amelelewa bweni, hajui, na hatuwezi kumwambia, tutaonekana washamba. Lakini anataka jina kila wiki. Tumpe jina la nani? La mwenye watoto?"

"Kwa hiyo mkanipa mimi."

"Wewe una nini cha kuchukuliwa? Huna ng'ombe. Huna shamba, huna mke, huna mtoto hata wa kusingiziwa. Jicho likikutazama litaona nini? Litarudi lilikotoka limechoka." Alicheka mpaka akapaliwa. Mama ntilie naye akacheka, huku akinigeuzia chapati ambayo sikuwa nimeiagiza.

"Na yeye?"

"Yeye tulimfunika," alisema, na kicheko kikamwisha. "Yule mtu tunamhitaji."

Nilikula ile chapati. Hapo nikajua wivu niliokuwa nao kabla ulikuwa mdogo tu, wa foleni na kuku. Huu ulikuwa mwingine. Watu zaidi ya ishirini, bila kikao, bila kukubaliana kwa maneno, walikuwa wamesimama kila Jumamosi wakamzingira mtu mmoja kwa ukimya, wakaniweka mimi mbele kama kipande cha kioo cha kurudishia jua. Nami nilikuwa najiona nang'aa. Nilijaribu kukumbuka kama kuna mtu yeyote, popote nilipopita, aliyewahi kuogopa kunitaja. Dada yangu huwa anataja jina langu kwa kila mpita njia.

Niliwaza kuondoka siku hiyo hiyo. Magari yalikuwepo. Lakini jioni, tunafunika magunia, Baba Pacha akaja upande wangu akashika ncha ya pili ya turubai.

"Mgeni."

"Naam."

"Nimeambiwa nichague wa kusaidiana naye kule. Nimekutaja wewe."

"Tafuta mwingine."

"Mimi sijawahi kulala popote zaidi ya hapa na Kishapu," alisema. "Sijui mtu anafikaje mahali. Anaanza na nani, anasalimia nini, ananunua wapi chumvi. Wewe hiyo unaijua. Nimekuona siku ulipokuja. Ulifika mchana, jioni ulikuwa unajua jina la mbwa wa getini."

"Mbona hukuwahi kuyasema hayo Jumamosi?"

Alilikaza turubai. "Ningekutaja vipi, wewe kila wiki umeshatajwa," alisema, na sikujua kama ananitania.

Nilimwambia nitafikiri. Niliwaza wiki nzima, nikimchukia kwa zamu: asubuhi kwa foleni yake, mchana kwa chakula ambacho mke wake alimletea kwenye kikapu, jioni kwa namna alivyonisalimia kana kwamba hakuna kitu. Nilitaka nimwone akishindwa. Nilitaka niwepo. Na Kharumwa sikuwa nimewahi kufika, hilo nalo lilikuwa linanikuna. Nilijua kwamba nikikataa, nitatumia maisha yangu kuwauliza madereva kule kukoje, na wao watanijibu kwa kumtaja yeye.

Lori lililobeba mizani lilipopakiwa, nikapanda nyuma, juu ya magunia matupu. Baba Pacha na familia yake wangekuja na gari la pili.

Tulipita Kahama bila kusimama, tukashika njia ya machimbo. Nchi ilibadilika kidogo kidogo. Mashamba ya mpunga kwenye mbuga, halafu vilima vyenye mawe, halafu vijana wenye udongo mwekundu mpaka kwenye kope, wamekaa juu ya viroba vya mawe wakisubiri usafiri. Wanaapolo, ndivyo wachimbaji wadogo wanavyojiita kule. Mmoja alitupigia kelele kuuliza kama ile ni mizani ya dhahabu.

"Ya mpunga," nilimjibu.

"Kubwa hivyo? Mmedanganywa."

Kharumwa tulifika jua likiwa bado kali. Banda letu lilikuwa jipya, bati linaumiza macho. Nilishusha mizani, nikaisimamisha, nikaingia nyuma kuvitazama vile vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na dirisha upande wa mwembe wa jirani. Nilisimama ndani yake kwa muda. Meza ingekaa pale pale nilipokuwa nimeiweka kichwani. Chumba cha pili kilitosha kitanda cha mapacha. Nilifunga, nikampa dereva ufunguo ampelekee Baba Pacha mwenyewe, nikaenda kutafuta pa kulala.

Hilo nalijua. Huulizi chumba kwanza, unanunua kitu kidogo na kuuliza habari za bei. Nilinunua sabuni kwenye duka la vitenge, la mama mmoja mtu mzima aliyejifunga ushungi, ambaye Kiswahili chake kilionyesha kwamba wazazi wake walitoka mbali na hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mwanaapolo?"

"Hapana. Nimekuja na mizani, hii ya mpunga."

Uso wake ukajikunja kidogo. "Mizani. Haya."

Alikuwa na vyumba nyuma ya duka, vimepangwa mstari mmoja. Kimoja kilikuwa wazi. Alinitangulia uani, akapita kwenye kamba ya nguo za wapangaji, zote nyekundu kwa udongo, akaonyesha choo, akaonyesha ndoo ambayo si ya kugusa. Mlangoni akasimama na kufuli mkononi bila kufungua.

"Mimi nina mpunga wangu huko mbugani," alisema. "Wote mnaokuja na mizani mnakuja na maneno mazuri. Huyo mkubwa wenu anayekuja, ni mtu gani?"

Nilikuwa na mengi mdomoni. Ningeweza kumwambia habari za kuku na jembe na mtoto mwenye muhindi, na kesho yake mji mzima ungekuwa kwenye foleni. Ningeweza pia kusema neno moja dogo, la kumfanya mama huyu apeleke mpunga wake kwingine, na Baba Pacha asingejua kamwe. Mama alinisubiri. Nyuma yetu mpangaji mmoja alikuwa anafua, akaacha kusugua ili asikie.

"Ni mtu wa kawaida tu," nilisema. "Ana watoto."

Kama ulikuwa wivu, au ni ule ulinzi wa kina mama wa Kagongwa, sijui. Maneno yalitoka kabla sijayauliza.

Mama aliniangalia, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa zaidi ya nilichosema, akafungua kufuli. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na msumari mmoja ukutani. Nilitundika fulana yangu, nikatoka uani kumuuliza yule mpangaji maji yanachotwa wapi.